Kazi ya Moto na Chuma: Mbona Tunawaonea Haya Mafundi Wetu?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia chuma na kukitia nguvu na manufaa kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, siku chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, alitujia mzee mmoja wa hapa Tanga akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kujiunga na chuo cha ufundi stadi. Kijana wake aliyemaliza kidato cha nne alikuwa ameijaza mwenyewe, akachagua fani ya uchomeleaji na uundaji wa vyuma, na alikuwa amekwisha kumwambia baba yake waziwazi kuwa nia yake ni kuwa fundi wa boila kama alivyo mjomba wake. Mzee hakuja kutuuliza iwapo kazi hiyo ni halali. Alikuja kutuomba tumzuie kijana. "Sheikh," alisema, "mtoto huyu nimempeleka chuoni akahifadhi juzuu kumi, na skuli nikamlipia mpaka mwisho. Leo arudi nyumbani amejaa masizi kama mchoma mkaa? Watu watasemaje?"

Tulimwomba atuachie fomu ile hadi Ijumaa. Haya tunayoyaandika ndiyo majibu yetu kwake, na kwa kuwa twajua kwamba hayuko peke yake, tumeona tuyatoe hadharani.

Huenda wapo wasomaji ambao hawajapata kuiona boila. Ni chombo kizito cha chuma, aghalabu chenye umbo la pipa kubwa lililolazwa, ambamo maji huchemshwa kwa moto mkali hadi yakawa mvuke, na mvuke huo haupewi njia ya kutoka ila kwa kipimo. Majani ya chai ya milima ya Usambara hukaushwa viwandani kwa joto la boila zinazochoma kuni. Viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na TPC Moshi huchoma makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, na mvuke unaopatikana ndio unaoendesha mitambo na kuchemsha maji ya miwa hadi yakaganda kuwa sukari. Kule Pemba, katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, ni mvuke huohuo unaotoa mafuta katika makonyo ya karafuu. Hospitali kubwa huutumia kufulia mashuka na kutakasa vyombo vya upasuaji. Na gari moshi la zamani lililopita katika reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, lilikuwa nini ila boila iliyopandishwa juu ya magurudumu? Hata meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa hadi Kigoma kuunganishwa upya, ilisafiri Ziwa Tanganyika kwa mvuke miaka mingi kabla ya kutiwa injini za dizeli. Na lile vazi tunaloliita bwelasuti, ambalo kila fundi wa magari mjini analivaa, jina lake limetokana na watu wa boila. Tumeliazima vazi, tukamsahau mwenyewe.

Mwenyewe ni yule anayekata mabamba ya chuma, akayapinda, akayaunganisha kwa moto, akaipanga mirija mamoja kwa makumi ndani ya tumbo la boila na kuiziba midomo yake isivuje. Boila inapozimwa kwa matengenezo, ndiye anayejipenyeza katika tundu dogo, akiwa na taa mkononi, kukwangua ukoko ulioachwa na maji ya chumvi na kutafuta nyufa. Ni kazi ya joto, ya giza na ya hatari.

Sasa na tuulize: dini yetu yamtazamaje mtu huyu?

Katika Suratul Anbiyaa aya ya 80, na katika Suratu Sabaa aya ya 10 na ya 11, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatueleza kuwa alimlainishia chuma Nabii Daudi (a.s.) na akamfundisha kuunda nguo za vita. Huyu hakuwa mtu aliyekosa kazi nyingine. Alikuwa Mtume, tena mfalme mwenye hazina. Pamoja na hayo, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kutubainishia kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokipata kwa kazi ya mkono wake, mfano aliouchagua ni huyohuyo Daudi, mfua chuma.

Lakini tungependa kusimama kidogo katika ile aya ya 11 ya Suratu Sabaa, kwani ndani yake mna amri ambayo wengi wetu huipita haraka. Nabii Daudi hakuamrishwa kuunda tu. Aliamrishwa apime vyema katika kuunganisha zile pete za chuma. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), kama alivyonukuliwa na Ibn Kathir, amefafanua kuwa maana yake ni msumari usiwe mwembamba hata ukalegea ndani ya pete, wala usiwe mnene hata ukaipasua. Tulipata kumsomea fundi mmoja wa boila tafsiri hii. Akacheka kwa furaha, akasema hayo ndiyo anayowafundisha vijana wake kila siku kuhusu mirija: mdomo wa mrija ukipanuliwa kidogo mno ndani ya tundu lake utavuja, na ukipanuliwa kupita kiasi bamba linalioushika litapata ufa. Siku ile, ndugu zetu, sisi tuliokwenda kufundisha ndio tuliorudi tumefundishwa.

Wapo wanaotujia na Hadithi mashuhuri inayomlinganisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mwovu na mvukuta moto wa mhunzi, ambaye ama atakuunguzia nguo yako ama utapata kwake harufu mbaya. Kutokana na Hadithi hiyo wanajengea hoja kuwa uhunzi ni kazi duni. Huu ni ufahamu uliopotoka. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitahadharisha juu ya marafiki, akapiga mfano kwa jambo ambalo kila mtu wa Madina alilijua, yaani cheche na moshi. Bukhari mwenyewe, katika Kitabu cha Biashara cha Sahihi yake, ameweka mlango maalumu unaomtaja mhunzi na mfua chuma, kuonyesha kuwa ni chumo miongoni mwa machumo ya Waislamu.

Tena liko tukio ambalo tungependa kila mzazi alikumbuke. Mtume (s.a.w.) alipojaaliwa mtoto wake Ibrahim, alimpeleka kunyonyeshwa katika nyumba ya mhunzi wa Madina aliyeitwa Abu Sayf. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia, katika Hadithi iliyomo kwa Muslim, kuwa walikwenda kumtazama mtoto wakamkuta Abu Sayf akivukuta, na nyumba imejaa moshi. Anas akatangulia mbio kumwambia asite, kwani Mtume wa Mwenyezi Mungu amefika. Abu Sayf akasita, Mtume (s.a.w.) akaingia, akaomba aletewe mwanawe, akamkumbatia. Hatukusoma popote kuwa alimhamisha mtoto kwa sababu ya moshi ule, wala kuwa alimwambia Abu Sayf atafute kazi safi zaidi.

Yeye alimkabidhi mhunzi mwana wa kumzaa mwenyewe. Sisi je? Miaka michache iliyopita tulifuatana na wazee wenzetu kupeleka posa ya kijana fundi wa boila. Ni kijana tunayemjua: anaswali, hana deni la mtu, na mama yake mjane anamtunza yeye. Tulipokewa kwa kahawa na tende, tukaahidiwa majibu. Majibu yalipokuja yalisema kuwa kijana ni mzuri, ila wamesikia ni "mtu wa kuchomachoma vyuma", na iwapo atapata kazi ya ofisini milango iko wazi. Binti mwenyewe, kwa tulivyokuja kusikia, hakuulizwa.

Tunajua kuna atakayetukumbusha kuwa wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitaja kazi miongoni mwa mambo ya kufaana katika ndoa, na kwamba Imam Nawawi katika Minhaj amepanga kazi kwa daraja. Ni kweli, nasi tumevisoma vitabu hivyo kwa masheikh wetu na hatuvikani. Lakini msomaji wa vitabu hivyo anapaswa kuvisoma hadi mwisho. Kufaana ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuisamehe. Si sharti la kuswihi ndoa pindi wakiridhia. Tena wanachuoni wamebainisha kuwa daraja za kazi hufuata ada ya watu, na ada hubadilika. Katika zama hizi fundi mwenye kuaminiwa chombo ambacho kikikosewa huua watu si duni kwa karani. Na juu ya yote iko Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, inayotuamuru tumwozeshe yule ambaye tumeridhika na dini yake na tabia yake, na kutuonya kuwa tusipofanya hivyo itakuwa fitina na ufisadi katika ardhi. Ufisadi huo hatuhitaji kuuonyesha kwa kidole. Kila mtaa una mabinti waliozuiliwa wakingoja mume wa ofisini.

Tukimaliza hapo tutakuwa tumewapamba mafundi tu, na dini haikuja kumpamba mtu. Fundi wa boila naye ana deni zito shingoni. Kazi yake ni ya siri. Anapounga bamba na bamba, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufichika, na mwenye kiwanda haoni ila rangi juu yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wakaguzi, na ni wajibu kuwatii, lakini mkaguzi huja siku moja akaondoka. Aliyebaki na habari kamili ya kiungo kile ni fundi na Mola wake.

Ili tufahamu uzito wa jambo, maji yanapogeuka mvuke katika hali ya kawaida huhitaji nafasi ipatayo mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Ndani ya boila yamebanwa, na kwa kubanwa huko huweza kufika joto la nyuzi 180 bila kutoka. Chuma kikipasuka, maji yale yaliyobanwa hutaka nafasi yake kwa mara moja, na hakuna ukuta wa kuyazuia. Mwezi wa Aprili mwaka 1865, katika mto Mississippi huko Marekani, boila moja ya meli ya mvuke iitwayo Sultana ilionekana kuwa na bamba lililovimba. Fundi aliyeitwa alitaka kufanya matengenezo kamili. Wakubwa wa meli hawakutaka kuchelewa, kwa kuwa walikuwa wakingojea malipo ya kuwasafirisha askari waliofunguliwa kutoka vifungoni, basi fundi akakubali kutia kiraka cha bamba jembamba kuliko lile la asili. Meli iliyoruhusiwa kubeba watu 376 ikabeba zaidi ya 2,000. Usiku wa kuamkia tarehe 27 boila zikalipuka karibu na Memphis, na watu zaidi ya 1,100 wakafa kwa moto na maji. Wachunguzi wametaja sababu zaidi ya moja, na kiraka kile ni mojawapo. Tunachokitazama sisi ni ile saa ambayo fundi alijua lililo sahihi, akaambiwa afanye jingine, akafanya.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanachuoni wakaipeleka hukumu hii kwa kila mwenye fani. Na imepokewa kuwa Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwadhaminisha mafundi mali za watu walizokabidhiwa, akaona kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hilo. Kwa hiyo kijana anayenunua cheti cha ufundi, au anayejifunza mwezi mmoja gereji kisha akajiita fundi wa boila, asidhani kuwa ajali ikitokea atajificha nyuma ya neno kadari. Na anayeshinikizwa atie kiraka, akatae, hata kama mkate wake uko hatarini. Twajua kuwa ni rahisi kuliandika neno hili na ni vigumu kulitenda, hasa tarehe za mwisho wa mwezi.

Na hapa ndipo tunapowageukia wenye viwanda, wakiwamo Waislamu wenzetu wanaokaa safu ya kwanza. Khabbab bin al-Aratt (r.a.), miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kabisa, alikuwa mhunzi wa Makka. Alimfulia upanga tajiri mmoja, al-As bin Wail, akaenda kudai ujira wake. Al-As akamwambia hamlipi mpaka amkufuru Muhammad. Khabbab akajibu kuwa hatamkufuru hata al-As afe kisha afufuliwe. Yule akafanya mzaha, akasema basi atamlipa hukohuko akhera, kwani atakuwa na mali na watoto. Kwa sababu ya mzaha huo ziliteremka aya za Suratu Maryam kuanzia ya 77 hadi ya 80. Fikirini, ndugu zetu: ujira wa fundi mmoja wa chuma ulioliwa umeteremshiwa Qur'ani inayosomwa hadi Kiyama. Nasi tunawajua waajiri wanaowazungusha mafundi miezi mitatu, kisha Ijumaa wanatoa sadaka msikitini.

Ujira pekee hautoshi, bali na mwili wa mfanyakazi ni amana. Zamani mabamba yaliunganishwa kwa kugongewa vipini vya chuma, na mtu mmoja alikaa ndani ya boila huku nyundo zikigonga nje. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi boila 100 na hakumpata hata mmoja mwenye usikivu timilifu. Siku hizi kuna vizibo vya masikio, miwani na barakoa ambavyo si ghali ukilinganisha na gari la mkurugenzi. Mwaka 1905 boila ya kiwanda cha viatu ililipuka katika mji wa Brockton, Marekani, ikaua watu 58. Ni baada ya msiba huo na mingine kama huo ndipo wahandisi wa nchi ile, kufikia mwaka 1915, walipotoa kanuni za kuunda boila ambazo msingi wake unatumika mpaka leo. Sisi hatuna haja ya kungoja jeneza 58 kwanza.

Mafundi wenyewe hutuuliza masuala, na tutajibu matatu yanayorudiwa zaidi. Masizi na grisi si najisi. Ukikosa nguo ya kubadili, swali na bwelasuti yako maadamu haina najisi na imesitiri, ila kilichoganda juu ya ngozi kikazuia maji ya udhu kiondolewe kadiri ya uwezo. Masahaba nao walikuwa watu wa kazi, wakija swala ya Ijumaa na jasho na vumbi, hadi wakahimizwa waoge. Hawakuambiwa waache kazi. Ama swaumu, mwenye kufanya kazi ndani ya joto kali wakati wa Ramadhani aombe zamu ya usiku au likizo. Akikosa, aweke nia na afunge, na akifikia hali ya kuhofia kudhurika afungue na alipe siku nyingine. Wala asifungue asubuhi kwa kudhania tu kuwa atachoka. Na aliyeitwa kutengeneza boila ya kiwanda cha pombe, hilo ni kusaidiana katika dhambi, nako kumekatazwa katika Suratul Maidah aya ya 2; atafute kiwanda cha chai au hospitali. Wallahu aalam.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihyaa kuwa ufundi ambao watu hawawezi kuishi bila huo ni faradhi ya kutoshelezana: asipopatikana wa kuusimamia, mji mzima una dhambi. Tena alisikitika kwamba katika miji ya zama zake vijana walisongamana katika elimu ya mabishano, na tabibu Mwislamu hakupatikana. Tungemwuliza leo angesema nini juu ya vijana wetu wanaosongamana kungoja kazi ya meza moja. Wapo pia wanaojifariji kwa kutaja kuwa Taqi al-Din, mwanachuoni wa dola ya Uthmania, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1551 chombo cha kuzungushia nyama motoni kwa nguvu ya mvuke. Ni kweli, nasi tunajivunia. Lakini Taqi al-Din hataziba boila inayovuja Mtibwa.

Basi, mzee wetu, fomu yako iko kwetu na tumeisoma. Sehemu ya sahihi ya mzazi iko ukurasa wa mwisho, na kalamu tunayo. Juzuu kumi alizohifadhi kijana wako hazitaungua kwa cheche. Huko ndani ya boila, peke yake na taa, ndiko atakakozihitaji. Njoo baada ya swala ya leo. Na yule kijana wa posa bado hajaoa. Mwenye binti na atuulize, nyumba yake twaijua.